Safari ya Mume na Mke: Siku Tatu Mtito Andei



Sisi watu wa Mombasa, Mtito Andei tunaijua kwa giza. Ni pale basi la usiku linaposimama, takriban katikati ya njia ya Nairobi, abiria wakashuka kunywa chai, kisha dereva akapiga honi na safari ikaendelea. Tumepita hapo mara nyingi tukienda harusini na matangani, wala hatukuwahi kujiuliza ni nani wanaoishi nyuma ya zile taa. Likizo ya Agosti iliyopita tuliwaacha watoto kwa nyanya yao Kisauni, kila mmoja wetu akatia begi lake mgongoni, tukaenda kukaa huko siku tatu. Majirani walicheka. Wakatuuliza kama tumegeuka watalii.

Tuseme kweli, hatukuondoka kwa kutaka kuburudika tu. Baada ya miaka 12 ya ndoa, nyumba yetu ilikuwa imejaa maneno ya kazi: karo, gesi, kodi ya nyumba, na nani atampeleka mtoto madrasa. Mazungumzo mengine yalikuwa yamekwisha, na hatukujua yalikwisha lini. Hatukuwa tumegombana, laiti tungegombana. Mmoja wetu alikuwa ameanza kufikiria kuwaita wazee. Mwenzake akasema: kabla ya wazee, tusafiri.

Rai hiyo ina asili yake. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar ibn al-Khattab (r.a.) alimwuliza mtu aliyedai kumjua mwenzake iwapo amewahi kusafiri naye, alipokana, akaambiwa kuwa hamjui. Naye Bi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alishindana naye mbio wakiwa safarini, na Bi Aisha akashinda. Siku nyingine, alipokuwa ameongezeka mwili, Mtume akamshinda, akamwambia kwa mzaha kuwa huo ni ulipizi wa ule wa kwanza. Mume na mke kufurahi pamoja njiani si jambo geni katika dini yetu.

Tulipanda treni ya kaunti, ile inayoondoka Miritini saa mbili asubuhi na kusimama Mariakani, Miasenyi na Voi. Minazi ikaisha, udongo ukawa mwekundu, mibuyu ikaanza kuonekana. Kabla ya adhuhuri tukashuka Mtito Andei, katika Kaunti ya Makueni. Wenyeji walitueleza kuwa jina hilo kwa Kikamba ni msitu wa tumbusi. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa wakiteremka pwani kwa misafara, wakiuza pembe za ndovu. Wao waliijua njia ya kuja kwetu zamani. Sisi ndio hatukuwahi kwenda kwao kwa ajili ya kwao. Hatukuwa na jamaa hata mmoja mjini pale.

Hapo ndipo ugomvi ulipotufika. Mmoja wetu alikuwa ametia begini pasi na viatu jozi tatu. Mwenzake alikuwa amesahau chupa za maji mezani nyumbani. Tulitembea kando ya barabara kuu, malori yakitumwagia vumbi, watu wakilitazama buibui na begi juu yake, na kila mmoja akihesabu makosa ya mwenzake kwa sauti. Tulipopata chumba cha kulala wageni, tulikuwa tumenyamaza kabisa.

Nyumbani, ugomvi una milango ya kutokea. Mume huenda barazani. Mke huenda kwa mamake, au hujitia jikoni. Jioni ikifika, maneno yamefunikwa kama chungu, lakini hayakuisha. Mtito Andei hatukuwa na baraza wala jiko. Kulikuwa na kitanda, kiti kimoja, na dirisha lililotazama gereji. Tuliswali adhuhuri na alasiri kwa kufupisha na kukusanya, mmoja akiwa imamu na mwenzake nyuma yake, na baada ya salamu hatukuwa na pa kwenda. Basi tukazungumza mpaka magharibi. Tuliyoyasema ni siri yetu. Tunaloweza kuwaambia ni kwamba hayakuhusu maji wala pasi.

Siku ya pili tulitaka kuiona chemchemi ya Mzima, ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi. Mbugani mtu hatembei kwa miguu na begi lake, kwa sababu ya wanyama. Sharti awe na gari. Gharama ya gari na kiingilio ilitutisha. Zamani mmoja wetu angeamua na mwenzake angenuna. Safari hii tulitoa karatasi, tukahesabu pamoja, tukakubaliana kurudi nyumbani bila zawadi.

Mvua inayonyesha Vilima vya Chyulu hupenya ndani ya mawe ya volkano, hujichuja chini ya ardhi, kisha hububujika Mzima ikiwa maji maangavu. Tuliwaona viboko, na katika chumba kilichojengwa chini ya maji tukawatazama samaki kupitia kioo. Askari wa mbuga alitukumbusha kuwa sehemu ya maji hayo huvutwa kwa bomba mpaka Mombasa. Tumeyanywa tangu utotoni, tumelalamika yanapokatika, wala hatukuwahi kuuliza yanatoka wapi. Mtu aweza kuishi na neema miaka mingi asiijue chemchemi yake.

Asubuhi ya mwisho tulitembea nje ya mji, tukawakuta mzee na mkewe katika mto mkavu. Ukambani mito mingi ni ya msimu. Mvua ikipita, maji hubaki chini ya mchanga, na watu huyachimba. Mzee alikuwa shimoni akichota, bibi akipokea na kumimina mtungini, punda akingoja. Tuliwaamkia kwa neno la Kikamba tulilofunzwa, "Wimuseo," wakacheka. Bibi tukamwita "mwaitu," yaani mama.

"Mmekuja kwa nani?" akatuuliza.

"Hatuna mtu hapa, mwaitu. Tumekuja kutembea tu."

"Wawili? Bila watoto?"

"Wawili."

Akamtazama mumewe kule shimoni. "Mimi na huyu safari yetu ni mpaka hapa mtoni," akasema. "Lakini twaja kila siku."

Kwa familia zinazofikiria safari kama hii, haya ndiyo tuliyojifunza:

Begi liwe jepesi. Nguo za kubadilisha mara mbili, tende, maji, na leso mbili zatosha. Leso ni msala, ni shuka, na ni stara.

Tikiti ya treni ikatwe mapema, na kila mtu awe na kitambulisho chake.

Kutoka Mombasa mpaka Mtito Andei ni zaidi ya kilomita 200, hivyo ni safari ya kufupisha swala. Adhuhuri, alasiri na isha huwa rakaa mbili. Magharibi na alfajiri hazifupishwi. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, anayenuia kukaa siku nne kamili, mbali na ya kuingia na ya kutoka, huswali kama mkaazi.

Ulizeni kuhusu machinjo kabla ya kuagiza nyama. Mkiwa na shaka, muthokoi na maharagwe ni chakula kizuri.

Fedha ziwe katika mfuko mmoja, na zihesabiwe na wote wawili kila usiku.

Hatudai kuwa kila kitu kimetengenea. Karo bado ni karo, na kodi haijapungua. Lakini wazee hatujawaita. Baada ya isha, watoto wakishalala, tunaziweka simu kabatini na kuketi kwa muda, hata kama hakuna la maana la kusemwa. Usiku mwingine ni robo saa tu. Lakini twakaa kila siku.

Mwenyezi Mungu azitie nyumba zetu mapenzi na huruma, na awarejeshe wasafiri wetu salama. Amin.