Kwenu Wapi?

Leo twataka kulieleza neno moja dogo tulitumialo kila siku, nalo ni neno "kwetu". Mgeni akishuka bandarini Unguja, baada ya salamu huulizwa, "Kwenu wapi?" Wengi hujibu upesi. Lakini sisi walimu, kila tuandikishapo wanafunzi wapya, huwaona wachache wanaonyamaza. Mmoja alizaliwa Pemba, akalelewa Mombasa kwa shangazi yake, akaja kusoma Unguja. Je, aandike wapi? Wenzake walimcheka, wakamwambia, "Mkataa kwao mtumwa."

Basi na tutazame habari za watoto waliokuwa watumwa kweli, tuone kama wao waliwahi kukataa kwao.

Soko la watumwa lilikuwa Mkunazini, mjini Unguja, hata lilipofungwa mwezi wa Juni 1873, katika enzi ya Seyyid Barghash. Biashara ya siri haikukoma siku ile, na manowari za Kiingereza ziliendelea kukamata majahazi yaliyochukua watumwa. Baadhi ya watoto waliookolewa walipewa misheni wawalee. Watano wa kwanza walitolewa na Seyyid Majid mwaka 1864. Baadaye wavulana walikaa Kiungani, kusini ya mji, na wasichana walikaa Mbweni, mbele kidogo ya hapo.

Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengine wengi, kila mmoja na lugha yake. Walisemezana kwa Kiswahili, lugha ambayo mama zao hawakuwaimbia. Mwaka 1887 Bwana A. C. Madan alipiga chapa London kitabu cha maisha yao, kama vijana wenyewe wa Kiungani walivyoyaeleza. Humo twasoma habari za kijiji, za wazazi, za siku ya kutekwa, na za kuuzwa mkono kwa mkono hata kufika pwani. Fikirini mtoto mdogo apitaye nchi tatu au nne kwa miguu, na kila afikapo asikia maneno asiyoyajua. Watoto hawa hawakukataa kwao. Walinyang'anywa.

Je, walipokwisha kuwa huru, haikufaa warudishwe? Askofu Edward Steere aliona yafaa. Mwaka 1876 aliondoka Unguja na watu waliokombolewa, wanaume kwa wanawake, ili awapeleke upande wa Ziwa Nyasa, karibu na nchi walikotoka. Walipita Lindi, wakashika njia ya bara. Walipofika Masasi, penye majabali makubwa na ardhi njema, hawakutaka kwenda mbele tena. Wakajenga hapo, wakalima.

Tusiwadhanie wavivu. Aliyetekwa angali mdogo hakuijua njia ya kurudi. Na hata angaliijua, angalikuta nini? Vijiji vingine vilichomwa moto, na jamaa walitawanyika. Mtu aweza kurudi mahali asiwakute watu. Masasi walikuwa pamoja na wenzao waliopata taabu ile ile, wakasaidiana kulima na kuzikana. Ndivyo pakawa kwao.

Tena yuko Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utotoni akafikishwa Unguja. Alisoma Kiungani, kisha Canterbury katika Uingereza, na mwaka 1890 akawa padre, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Alifanya kazi Chitangali, katikati ya Wayao wenzake, akakaa huko miaka mingi. Baadaye akarudi Unguja. Je, siku ile alikuwa akienda kwao au akitoka kwao? Sisi twaona yote mawili ni kweli.

Sasa iangalieni lugha yetu. Mtu husema "nyumba yangu" na "shamba langu". Lakini akiulizwa alikotoka, hata akiwa peke yake njiani, husema "kwetu", wala hasemi "kwangu". Kwangu ni pale nilalapo. Kwetu pana watu walionilea, walijuao jina langu, na watakaonizika. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na kwao kuwili, hata kutatu, wala asiwe amekataa hata kumoja.

Ninyi wazazi, msimlazimishe mtoto aliyekulia nchi mbili achague moja. Mfundisheni majina ya babu na bibi zake, na mahali walipozikwa. Nanyi majirani wa hapa alipo, mwiteni shambani na msibani kama mwenzenu, maana huko ndiko mtu anakoingizwa katika "kwetu".

Na yule mwanafunzi wetu? Tulimwambia aandike Pemba, Mombasa na Unguja. Mstari haukutosha, akamalizia pambizoni mwa daftari, na wenzake hawakucheka tena.