Sura ya Nne: Baridi Haihifadhi Merikebu

Hakuna dhana iliyokita mizizi katika fani hii kama ile inayosema merikebu za kale hudumu katika bahari za kaskazini kwa sababu ya baridi. Wazamiaji huiamini, watalii huipokea, na wasioridhika nayo huongeza habari za majini yanayolinda mabaki yasiguswe. La majini nalijibu kwa sentensi moja: yaliyodumu na yaliyotoweka, yote tunaweza kuyaeleza bila wao. La baridi linahitaji subira, kwa kuwa lina chembe ya ukweli. Tulipime kwa mbao, kisha chuma, kisha mwili wa mzamiaji mwenyewe.

Mary Rose, manowari ya Mfalme Henry wa Nane, ilizama karibu na Portsmouth, Uingereza, tarehe 19 Julai 1545. Ililalia ubavu wake wa kulia, na ubavu huo ukafukiwa na matope. Wazamiaji walioifukua kabla haijainuliwa tarehe 11 Oktoba 1982 walikuta upande huo ungali na sehemu za sitaha zake, pinde zaidi ya 130, viatu vya ngozi, hata vitana vya mbao vyenye mabaki ya chawa katikati ya meno. Ubavu wa kushoto, uliobaki wazi majini, ulikuwa umekwisha. Chombo ni kimoja na baridi ni ile ile, kwa miaka 437. Kama baridi ndiyo mhifadhi, mbona ilihifadhi nusu tu?

Jibu limo kwenye matope. Matope yaliyoshikana huzuia oksijeni, na pasipo oksijeni uozo huenda polepole mno, wala teredo hawezi kuishi. Huyu ndiye adui hasa. Watu humwita mnyoo, lakini ni jamaa ya chaza: mwili mrefu laini, na kichwani magamba mawili madogo yenye meno kama tupa, anayoyatumia kukereza mbao. Huingia akiwa lava, kwa tundu ambalo jicho hulipita bila kuliona, kisha hukua humo ndani huku akizipaka chokaa kuta za njia yake. Ndiyo maana ubao unaweza kuonekana mzima kwa nje na ukavunjika kwa kubonyezwa na kidole. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu walimjua vyema. Deheni waliyopaka chini ya chombo, mafuta yaliyochanganywa na chokaa, ilikuwa kinga dhidi yake.

Mtetezi wa baridi atanitajia Vasa, iliyozama Stockholm mwaka 1628 na kuopolewa 1961 ikiwa karibu nzima, ingawa haikuzikwa yote. Ni kweli, lakini Bahari ya Baltiki ina chumvi haba kiasi kwamba pale Stockholm teredo hawezi kuzaliana. Basi atakimbilia Endurance, iliyopatikana mwaka 2022 chini ya bahari ya Antaktika, mita 3,008, mbao zake zikiwa imara. Huko nako hakuna watoboa mbao: bara halina miti, na mkondo mkubwa unaolizunguka huwazuia wageni. Ila upande wa pili wa dunia, kwenye maji ya Svalbard yenye baridi kali, magogo huelea kutoka Siberia, na watafiti wamekuta humo gogo lililotobolewa na jamaa za teredo walio hai. Kisha geukia Mombasa. Santo António de Tanná, manowari ya Wareno, ilizama chini ya Ngome ya Yesu mwaka 1697, Waoman wakiwa wameizingira ngome. Ilipochimbwa kati ya 1977 na 1980, sehemu ya chini ya umbo lake ilikuwapo bado, katika maji ya joto, chini ya matope.

Chembe ya ukweli ni hii: baridi hupunguza kasi ya kuzaliana kwa wadudu na ya kutu. Kupunguza si kuzuia. Scapa Flow, Uskoti, ambako Wajerumani walizamisha meli zao wenyewe tarehe 21 Juni 1919, manowari König, Kronprinz Wilhelm na Markgraf zingali chini, lakini mabamba yao yanaliwa na kutu na kuporomoka.

Anayeathiriwa haraka na baridi ni mzamiaji. Mtungi wake huwa na hewa iliyoshindiliwa, si oksijeni tupu kama wengi wanavyodhani. Oksijeni tupu huanza kuwa ya hatari kuvutwa chini ya mita 6 hivi. Hewa hiyo ikitoka kwenye shinikizo kubwa hutanuka na kupoa ghafla. Kama maji yenyewe ni baridi, barafu inaweza kushika vali ikabaki wazi, na mtungi ukamalizika kwa dakika chache. Kwa hiyo vali iwe ya maji baridi, na vazi liwe lile lisiloingiza maji.

Na ukishafika chini, panga mwendo wako juu ya matope, usiyatimue kwa mapezi, wala usichomoe ubao uliochomoza ili uone mwisho wake. Ukiuchomoa, umeingiza oksijeni na umemfungulia teredo mlango. Mary Rose ilipotolewa kwenye matope yake ilibidi inyunyiziwe maji, kisha dawa ya nta, mpaka mwaka 2013. Asiye na uwezo wa kugharimia miaka thelathini ya namna hiyo aache matope yalivyo.