Mchicha Chini ya Jua Refu la Stockholm

Kitabu kilichoupa mchicha jina lake la kisayansi kilichapishwa Stockholm. Mwaka 1753 Laurentius Salvius alitoa Species Plantarum ya Carl Linnaeus, na humo ndimo ilimowekwa jenasi Amaranthus, pamoja na spishi kama A. hybridus, A. tricolor na A. blitum. Hata hivyo, mwenyeji wa Uswidi ukimtajia amaranti leo atafikiria ua la bustanini, au gugu. Sufuria haimjii akilini.

Mtu wa Afrika Mashariki anayehamia huko huulaumu mwanga: nchi yenye giza hivi, mboga ya kwetu itaota vipi? Lawama hiyo imemwangukia asiyehusika. Mwishoni mwa Juni jua la Stockholm hukaa angani zaidi ya saa 18. Kinachoukwamisha mchicha ni baridi.

Mchicha umo katika kundi la mimea linaloitwa C4, pamoja na mahindi, mtama na miwa. Mimea hutegemea kimeng'enya cha rubisko kunasa kaboni dayoksaidi, na joto likipanda kimeng'enya hicho huzidi kukosea: kinashika oksijeni badala ya kaboni, na mmea unapoteza nguvu. Mimea ya C4 ina ujanja wake. Kwanza huikusanya kaboni kwenye seli za nje, kisha huisukuma kwa wingi hadi seli za ndani, ambako rubisko hufanya kazi bila kubahatisha. Msukumo huo una gharama ya nishati. Dar es Salaam, kwenye nyuzijoto 30, gharama inarudi na faida juu. Stockholm, ambako wastani wa Julai ni nyuzijoto 18 au 19 hivi, mmea unalipa na faida haionekani. Ndiyo maana mwezi Mei spinachi huuacha mchicha mbali.

Basi kazi ya mkulima ni kutafuta joto. Sia mbegu ndani ya nyumba mwishoni mwa Aprili, kwenye dirisha lenye jua, na uzifunike kwa udongo kidogo sana, maana gramu moja hubeba mbegu zaidi ya 1,000. Pandikiza nje mwanzoni mwa Juni, sakitu ikishapita. Wenye bahati wana kipande katika bustani za kukodi, ambazo Anna Lindhagen alizipigania mjini humo kuanzia 1906 ili familia za wafanyakazi zipate pa kulima. Lakini mimi naona baraza ya ghorofa iliyozungushiwa vioo, yenye kuelekea kusini, inaishinda bustani yoyote.

Mwanga mrefu nao una zawadi yake. Aina nyingi za mchicha hupima urefu wa usiku ili kujua wakati wa kuchanua. Usiku wa saa 12 huzihimiza; usiku mfupi wa Juni huzichelewesha, na mmea unaendelea kutoa majani. Kata vilele, matawi yatachipua, uchume tena hadi Agosti. Ubaya ni kwamba maua yakija, mara nyingi sakitu huyakuta kabla mbegu hazijakomaa.

Vuli ikiingia, ondoa pupa. Mizizi ya mchicha hufyonza naitreti kwa ulafi, na jani linahitaji mwanga ili kuigeuza protini. Mwanga ukififia, naitreti hurundikana, hasa pale palipotiwa mbolea nyingi. Mamlaka ya chakula ya Uswidi, Livsmedelsverket, hushauri watoto chini ya mwaka mmoja wasipewe mboga za majani zenye naitreti nyingi, kama spinachi. Mchicha uuweke fungu hilohilo.

Jikoni, gramu 100 za majani mabichi zina kalisi miligramu 215 hivi, zaidi ya maradufu ya spinachi, ingawa oksaleti huizuia sehemu yake isifyonzwe mwilini. Chambua, chemsha dakika chache, mwaga maji: sehemu ya oksaleti na naitreti inaondoka nayo. Wanaochemsha nusu saa hubaki na rangi tu. Kisha unga kwa kitunguu, nyanya na tui, hata la kopo, kwa sababu beta karotini hufyonzwa vizuri ikiambatana na mafuta. Anayetumia warfarin, inayouzwa huko kwa jina la Waran, azungumze na daktari kwanza: mchicha una vitamini K nyingi mno, na kuuanza au kuuacha ghafla huvuruga dawa.

Na mbegu usizifungashe begini. Tangu 14 Desemba 2019 sheria ya Umoja wa Ulaya hudai cheti cha afya ya mimea kwa mbegu za kupanda zinazotoka nje. Yaliyosamehewa ni matunda matano: nazi, ndizi, nanasi, tende na duriani. Kwa hiyo nazi ya kuungia utaingia nayo, lakini mbegu nunua hukohuko Ulaya, zilizoandikwa kuwa ni za mboga wala si za mapambo, na uziagize kabla ya Aprili.