Nani anaweza kufungua orodha ya majina yenu?

Kambini watu wanatuuliza: "Majina yetu yakiisha kuandikwa katika kompyuta, nani anayaona?" Swali hilo ni la haki. Orodha ikifika mikononi mwa wenye silaha, inawaonyesha nani ametoka kijiji gani na sasa analala wapi.

Majina huwekwa katika majedwali: moja la familia, lingine la chakula, na lingine la watumishi wanaoruhusiwa kuingia, pamoja na maneno yao ya siri. Hilo la mwisho ndilo ufunguo wa nyumba nzima. Mwenye kulisoma anaweza kuingia kwa jina la mwingine.

Kwa hiyo programu kama SQL Server ina amri tatu. GRANT inatoa ruhusa, REVOKE inaiondoa, DENY inakataza. Mtumishi aliyeondolewa ruhusa anaweza bado kuipata kupitia kikundi chake. Aliyekatazwa hapiti, hata kikundi chake kikiruhusiwa.

Lakini katazo hilo halimfungi msimamizi mkuu. Ndiyo maana neno la siri lisihifadhiwe wazi. Ligeuzwe kuwa alama zisizorudi kuwa neno, kama vile unga usivyorudi kuwa muhogo.

Viongozi, ulizeni: Nani amekatazwa kuona? Msimamizi mkuu ni nani? Mtumishi akiacha kazi, ruhusa yake inafungwa siku gani? Ombeni majibu kabla jina la kwanza halijaandikwa.