Je, Wajua Kilichomo Ndani ya Ngiri ya Mtoto wa Kike?

Ngiri ya kinena huwapata zaidi wavulana, ndiyo maana ngiri ya msichana huweza kuchelewa kutambuliwa. Mtoto analia, kivimbe kinatokeza kinenani. Akitulia, kinarudi ndani. Mama anayemwogesha mwanawe kijijini Kihagara, kando ya Ziwa Nyasa, anaweza kukigusa akadhani ni tezi. Wakati mwingine kilichoteremka humo ni ovari, si utumbo.

Mtoto akiwa bado tumboni mwa mamaye, utando wa ndani ya tumbo lake hutoa kifuko chembamba kinachopita kinenani. Anton Nuck wa Leiden alikieleza mwaka 1691, nacho huitwa mfereji wa Nuck. Kwa kawaida hujifunga. Kisipojifunga, jambo la kawaida zaidi kwa watoto njiti, ovari hushuka, na ikinasa huweza kujisokota hadi damu isiipitie. Ngiri ya kitovu mara nyingi hupona yenyewe mtoto akikua; ya kinena haiponi bila upasuaji.

Katika upasuaji wa matundu madogo, tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi, kisha kamera nyembamba, ya milimita 3 hadi 5, hupitishwa kitovuni. Mwaka 2006 Dariusz Patkowski wa Poland na wenzake walichapisha mbinu nyepesi ajabu: sindano hutoboa ngozi ya kinena, huzungusha uzi kwenye mdomo wa kifuko, na fundo hufichwa chini ya ngozi. Kwa msichana kazi hii ni rahisi zaidi, kwa kuwa hana mrija wa mbegu unaopita hapo wa kukwepwa. Kamera huonyesha pia upande wa pili, na kama mji wa mimba na ovari vipo. Wasichana wachache wenye ngiri hugundulika kuwa na korodani ndani.

Pasipo kamera, daktari hufunga kifuko hichohicho kwa mkato mdogo kinenani, na matokeo ni mazuri. Kwa hiyo familia ya Kihagara isisubiri mashine ya Dar es Salaam. Ianzie Hospitali ya Mtakatifu Anna, Liuli, ufukweni huohuo, mtoto apimwe na apewe rufaa ikibidi. Kivimbe kigumu kisichorudi ni dharura siku hiyohiyo.

Mimi naona shida kubwa iko kwenye nusukaputi. Njiti aliyelazwa usingizi anaweza kusahau kupumua saa kadhaa baadaye, kwa hiyo anahitaji muuguzi wa kumwangalia usiku kucha, na oksijeni karibu.