Shylock, kifaru na simba: Deni linapofika kabla ya meli

Nenda Marikiti, soko kuu la mjini Machakos, umuulize mama anayeuza maembe au ndengu maana ya neno "shailoki". Atakujibu hata kabla hujamaliza swali. Shailoki ni yule anayekupa pesa leo bila maswali mengi, akaweka kitambulisho chako au televisheni yako kuwa dhamana, na siku ya malipo ikifika hataki kusikia habari za mvua wala matanga.

Huenda mama huyo hajawahi kuisoma tamthilia lilikotoka neno hilo. Lakini huenda mwanawe aliye shule ya upili ameisoma, ama katika Kiingereza cha William Shakespeare ama katika tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere, "Mabepari wa Venisi", iliyotolewa mwaka 1969. Shylock ndiye mkopeshaji katika mchezo huo. Yeye na mfanyabiashara Antonio waliandikiana kwamba deni la dukati 3,000 lisipolipwa katika miezi mitatu, Shylock atakata ratili moja ya nyama kutoka mwilini mwa Antonio.

Wengi wetu tukiutaja mchezo huo hukumbuka kisu na nyama. Tunasahau merikebu, na somo kubwa limo ndani ya merikebu.

Antonio hakuwa maskini. Alikuwa tajiri, ila utajiri wake wote ulikuwa baharini, ndani ya vyombo vilivyotawanyika pande zote za dunia. Siku ya kulipa ilipofika, merikebu zilikuwa hazijarudi. Alipelekwa mahakamani akiwa na mali nyingi lakini hana pesa mkononi. Kesi ilipokwisha ndipo habari zikaja kwamba merikebu zake tatu zimetia nanga salama.

Mkulima wa kahawa wa Kangundo anayaelewa hayo bila mwalimu. Kahawa ameipeleka kiwandani, malipo yatakuja baada ya miezi, lakini karo inatakiwa shule inapofunguliwa. Mali anayo, ila haijageuka kuwa noti. Kampuni kubwa, zenye majumba ya vioo na matangazo ya televisheni, hufa kwa maradhi hayo hayo.

KIFARU WA ATHI RIVER

Kisa kilicho karibu nasi kilianzia Athi River, mji wa vumbi la saruji ulio njiani kutoka Nairobi kuja Machakos. Mwaka 1974 kampuni iliyojiita Athi River Mining ilianzishwa ikichimba na kusaga madini. Ilikua polepole, ikaingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 1997, na baadaye ikafupisha jina ikawa ARM Cement.

Mwananchi wa kawaida hakuijua kwa jina hilo. Aliijua kwa picha ya kifaru. Saruji ya Rhino ilibebwa kwa malori, mikokoteni na mabega ya mafundi, na picha yake ikachorwa kwenye kuta za maduka ya vifaa vya ujenzi. Wakulima nao waliifahamu kwa mbolea yake ya Mavuno. Aliyenunua hisa chache na kuzihifadhi kwa ajili ya elimu ya watoto aliamini amefunga mbuzi wake kwenye mti imara. Nani angedhani kifaru anaweza kuangushwa na karatasi?

Kampuni ilikuwa na ndoto kubwa. Iliamua kujenga kiwanda kikubwa Tanga, nchini Tanzania, kupitia kampuni yake tanzu ya Maweni Limestone, ili ijitengenezee klinka badala ya kuinunua. Klinka ndiyo mawe yaliyochomwa ambayo husagwa yakawa saruji. Wazo lenyewe halikuwa baya, kwani mwenye klinka yake hategemei jirani. Lakini kiwanda cha namna hiyo huchukua miaka kujengwa na miaka zaidi kurudisha gharama, na sehemu kubwa ya pesa ilikopwa, nyingine kwa dola za Marekani.

Hapo ndipo merikebu zilipochelewa. Mwaka 2015 shilingi ya Kenya na ya Tanzania zote zilishuka thamani dhidi ya dola. Anayeuza saruji kwa shilingi na kulipa mkopo kwa dola huona deni likinenepa akiwa amelala. Mwaka huo huo kiwanda cha Dangote kilifunguliwa Mtwara na vita vya bei vikaanza. Kisha mwaka 2016 Tanzania ikapiga marufuku makaa ya mawe kutoka nje, nayo makaa hayo ndiyo kuni za tanuri la klinka.

Mwaka huo wa 2016 msaada ulifika kutoka Uingereza. Shirika la uwekezaji la CDC lilitoa dola milioni 140 na kupata sehemu kubwa ya hisa. Wengi walipumua. Lakini pesa nyingi zilikwenda kupunguza madeni ya zamani, na biashara yenyewe ikaendelea kutoa damu. Agosti 2018 benki ya UBA, mmoja wa wadai, iliiweka kampuni chini ya wasimamizi, na hisa zake zikasimamishwa kuuzwa katika soko la Nairobi.

Mwaka 2019 mali ya kampuni hiyo nchini Kenya ilinunuliwa na National Cement kwa shilingi bilioni 5. Na National Cement hutengeneza saruji gani? Simba! Mafundi wa Athi River hawakukosa la kutania: simba amemla kifaru, na wala hakutumia meno. Kiwanda cha Tanga nacho kilikwenda kwa kampuni ya Huaxin ya Uchina kwa dola milioni 116. Tazama jambo hilo vizuri, msomaji. Kiwanda kilichomlemea aliyekijenga kilikuwa bado na thamani kubwa kwa mtu mwingine aliyekuwa na subira na pesa. Merikebu ilifika bandarini, ila mwenyewe alikuwa amekwisha kukatwa nyama.

FOLENI YA WADAI

Je, kampuni ikishindwa kulipa hufanyika nini? Zamani jibu lilikuwa fupi: huletwa mrasimu au mfilisi, kisha dalali na nyundo yake. Sheria ya Kenya ya Ufilisi ya mwaka 2015 iliongeza njia nyingine. Kampuni inaweza kuwekwa chini ya msimamizi, na wakati huo wadai huzuiwa kuing'ang'ania mali yake bila idhini. Shabaha ni kuipa nafasi ya kupumua, ijulikane kama inaweza kuokolewa au kuuzwa ikiwa bado hai. Ng'ombe mzima huleta bei nzuri kuliko mafungu ya nyama.

Ikishindikana, wanaodai hupanga foleni, na mahali unaposimama ndipo penye maana. Mbele kabisa yuko mwenye dhamana, kwa kawaida benki iliyoshikilia hati ya ardhi au mitambo. Gharama za usimamizi hutangulizwa pia. Kisha wafanyakazi, kwa mishahara waliyokuwa wakidai hadi kiwango kilichowekwa na sheria, pamoja na kodi ya serikali. Nyuma yao wako waliouza bidhaa kwa mkopo bila dhamana. Mwisho kabisa, pale ambapo sufuria mara nyingi imekwisha kukombwa, husimama wenye hisa.

Yule mzazi aliyenunua hisa za kifaru kwa ajili ya karo alikuwa amesimama hapo mwisho. Wengi hugundua mahali pao katika foleni siku mlango unapofungwa.

TEMBO NAYE AKAANGUKA

Ikiwa kifaru kilikuwa cha mafundi, tembo alikuwa wa familia nzima. Duka la Nakumatt, ambalo jina lake lilitokana na magodoro ya Nakuru, lilikua hadi likawa na matawi zaidi ya 60 nchini Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Kwenda Nakumatt Jumamosi ilikuwa matembezi. Vijana walipeana miadi mlangoni, watoto wakasukumana ndani ya toroli, na kadi ya pointi ilikaa kwenye pochi karibu na kitambulisho. Hata uwanjani tembo alikuwepo. Klabu ya Nakumatt ilicheza katika ligi kuu ya soka enzi ambazo mechi nyingi za ligi hiyo zililetwa Kenyatta Stadium hapa Machakos.

Duka kubwa huwa na raha ya pekee. Hulipwa pesa taslimu na mteja leo, lakini humlipa aliyeleta unga na sabuni baada ya wiki kadhaa. Pesa hizo za katikati hufanana na faida, ingawa ni za watu. Ukizitumia kufungua tawi jipya, na tawi hilo lisilipe haraka, shimo huanza kuchimbika. Wauzaji wakichoka kungoja huacha kuleta bidhaa. Rafu zikiwa tupu mteja huenda kwingine. Mteja akienda, pesa ya kumlipa muuzaji haipo.

Januari 2018 mahakama iliiweka Nakumatt chini ya msimamizi. Mwaka huo huo klabu ya mpira ikabadilisha jina na kuwa Mount Kenya United. Januari 2020 wadai wakapiga kura duka lifungwe, na matawi sita yaliyobaki yakachukuliwa na Naivas kwa shilingi milioni 422.

BUIBUI ALIYEFUFUKA

Lakini si kila anayefilisika huzikwa. Vijana wanaojaza kumbi za sinema kumwona Spider-Man au Iron Man huenda hawajui kwamba mashujaa hao waliwahi kuwa mikononi mwa wadai. Kampuni ya Marvel ya Marekani, iliyochapisha vitabu vyao vya katuni, ilinunuliwa na tajiri Ronald Perelman mwaka 1989. Madeni makubwa yalitumika kununua kampuni nyingine, zikiwemo za kadi za wachezaji ambazo watoto hukusanya. Watoto wakachoka na kadi, wakusanyaji wakaacha kununua katuni, na Desemba 1996 Marvel ikaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai.

Ilitoka mwaka 1998 baada ya kuunganishwa na kampuni ya vinyago ya Toy Biz. Kumbuka ilichobaki nacho: haikuwa na tanuri wala ghala kubwa, ilikuwa na wahusika. Mwaka 2005 ikakopa tena, dola milioni 525, na dhamana ikawa haki za filamu za wahusika wake kumi. Iron Man ilitoka mwaka 2008 ikajaza kumbi. Mwaka uliofuata Disney ikatangaza kuinunua Marvel kwa dola bilioni 4.

Kampuni ni ile ile, na ilikopa mara zote mbili. Deni la kwanza lilinunua vitu ambavyo thamani yake iliyeyuka kabla ya siku ya malipo. La pili lilinunua filamu, na filamu ikaleta pesa kwa wakati. Hata hivyo tusijidanganye: kama filamu hizo zingeanguka, Marvel ingeweza kuwapoteza mashujaa iliowaweka dhamana, na huenda leo tungekuwa tukisimulia kisa kingine.

TUFANYEJE BASI?

Mambo haya si ya mabwana wa tai peke yao. Ukiwa na hisa za kampuni, tazama hesabu zake kila mwaka na ujiulize: anakopa kwa sarafu gani, na anauza kwa sarafu gani? Kampuni iliyo katika soko la hisa la Kenya hutakiwa kutangaza mapema ikiona faida yake itapungua kwa asilimia 25 au zaidi. Tangazo hilo likitoka gazetini, usilifungie maandazi kabla ya kulisoma.

Ukiwa unauza maziwa, mayai au sukumawiki kwa duka kubwa, usiweke mayai yote katika toroli moja. Aliyekulipa baada ya siku 30, kisha 60, kisha akaanza kukwepa simu, amekugeuza benki yake bila kukuuliza. Na ukiwa umeajiriwa, mshahara unaochelewa miezi miwili ni kengele.

Nyumbani pia ni vivyo hivyo. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, nao hawakukosea. Lakini hawakutukataza kukopa. Kabla ya kutia sahihi, kwa benki au kwa shailoki wa Marikiti, keti na mwenzio mezani mhesabu jambo moja tu: siku ya kulipa ni lini, na merikebu yetu itatia nanga lini? Ikiwa siku ya kulipa inatangulia, mwambie shailoki asante na umwachie chai yake.