Krauni za jubilei: angalia mwaka kabla ya kulipa

Mfanyabiashara anayeuziwa krauni ya Uingereza kama fedha asitegemee mizani peke yake.

Krauni ya mwaka 1935, iliyotolewa kuadhimisha miaka 25 tangu Mfalme George V ashike ufalme, ina uzito wa gramu 28.28. Ile ya kawaida ni nusu fedha, yaani gramu 14.14, iliyobaki sehemu kubwa ni shaba.

Krauni ya 1977, ya miaka 25 ya Malkia Elizabeth II, ina uzito na upana uleule. Lakini ya kawaida ni shaba na nikeli, haina fedha hata chembe. Za fedha zilitengenezwa kwa ajili ya wakusanyaji.

Soma mwaka, kisha mwone sonara. Usiisugue, itashuka bei.